Mama Hataki Kulala Chini: Kupiga Kambi na Familia Nzima Jangwani, Bila Mateso

Waliosikiliza kipindi cha wiki iliyopita walicheka sana pale niliposimulia alichosema Mama siku ya kwanza nilipomwomba twende tukalale jangwani. Alinitazama vile mama wa Kimombasa anavyomtazama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa, akasema: "Mwanangu, mimi sikupanda ndege kutoka Mombasa nikaja Dubai ili nilale mchangani."

Kicheko kilipoisha, ujumbe ukaanza kuingia. Mmoja ana mtoto wa miezi minane, mwingine ana baba mwenye kisukari, mwingine mume wake ameapa hatarudi tena kambini baada ya usiku mmoja pale Al Qudra. Wote mnauliza jambo moja: je, inawezekana kulala hemani na familia, wazee kwa watoto, na watu wakaamka wakiwa bado wanapendana?

Inawezekana. Lakini sisi tulijifunza kwa njia mbaya, na nitaanza na hiyo njia mbaya, maana somo kubwa liko huko.

Usiku ule wa kwanza

Ilikuwa Desemba, miaka mitatu iliyopita. Baada ya kubembelezwa wiki mbili, Mama alikubali. Tulikuwa saba: Mama na Baba, mimi na mume wangu, watoto wetu wawili, na kaka yangu. Tulitoka Qusais tumechelewa, tukafika Al Qudra baada ya Magharibi, giza totoro. Hema tulilinunua siku ile ile, halijawahi hata kufunguliwa. Tulilisimamisha kwa taa za gari, huku watoto wanalia njaa na Baba anatoa amri ambazo hakuna aliyezielewa.

Upepo ulipoanza, vigingi viling'oka kimoja kimoja kama meno ya mtoto. Godoro la upepo likapungua pumzi. Kufika saa sita usiku sote tulikuwa tunatetemeka, maana ni nani aliyetuambia kwamba Dubai kuna baridi? Sisi tuliozaliwa hapa tunajua baridi ya eisii tu.

Saa nane hivi kaka yangu, kwa nia njema kabisa, alichukua lile jiko la mishkaki lililokuwa na makaa mekundu, akaliingiza ndani ya hema na kufunga zipu. Kwa kweli joto lilikuja, tukalala.

Mama ndiye aliyetuokoa. Yeye huamka usiku kuswali. Aliamka kichwa kinamgonga, akaliona lile jiko, akapiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. Alifungua milango yote miwili, akalivuta jiko nje kwa kanga yake, akatutoa mmoja mmoja. Mtoto wangu mdogo alitapika. Binti mkubwa alikuwa anajibu maneno yasiyoeleweka. Tulikaa mchangani tunavuta hewa, kisha tukawakimbiza hospitali. Alhamdulillahi, wote wakatoka salama.

Moshi wa makaa mnauona, mnaukimbia. Makaa yaliyoiva hayana moshi, na hapo ndipo hatari ilipo. Yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kuikohoa, anazidi tu kulala. Mama hakuisoma popote. Aliijua kwa sababu alikulia kwenye nchi ambako kila msimu wa baridi husikia familia fulani huko Nairobi au kwenye miinuko ya bara wamelala na jiko ndani ya chumba, asubuhi hawakuamka.

Miaka yote sisi vijana tulidhani Mama anaogopa kambi kwa sababu haijui. Kumbe sisi ndio hatukuijua. Ndipo tukabadilisha mpango mzima na kuweka kanuni moja: kambi inapangwa kwa ajili ya yule aliye dhaifu kuliko wote. Magoti ya Mama yakistarehe, sote tutastarehe. Mtoto mdogo akilala, wazazi watalala. Haya yote yanayofuata yametoka kwenye kanuni hiyo.

Kwanza, ya kutoa roho

Jiko la makaa, sigiri, jiko la gesi, hita ya gesi: hakuna hata kimoja kinachoingia hemani, wala kwenye kibaraza cha hema, hata kama dirisha liko wazi, hata kwa dakika tano. Usilale kwenye gari lililofungwa huku injini inanguruma pia. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu baada ya kukaa karibu na moto, mtoe nje kwenye hewa safi kwanza, halafu piga 998, namba ya gari la wagonjwa. Usisubiri kuona kama atapata nafuu.

Msimu na mahali

Msimu wetu ni Novemba mpaka Machi. Wakati wa joto usijaribu na watoto. Mchana unapita digrii 40, na usiku haupoi vya kutosha kulala.

Fika kungali mchana. Desemba hapa jua linazama karibu na saa kumi na moja na nusu jioni, kwa hiyo mimi nataka gari liwe limezimwa saa tisa na nusu. Hiyo saa mbili ndiyo inayoamua kama usiku utakuwa wa raha au wa ugomvi.

Ukifika, usishushe mizigo kwanza. Tembea kidogo uangalie mambo manne:

Alama za matairi. Ukiziona nyingi, hapo ni njia ya watu wa 4x4 na pikipiki za mchangani, na usiku hawataiona hema yako wala mtoto wako. Sogea.

Urefu wa ardhi. Juu ya kilele cha mchanga upepo utakuadhibu. Chini kabisa kwenye shimo, baridi na umande hujikusanya. Kaa katikati, upande uliokingwa na upepo.

Bonde. Ukienda Hatta au kwenye milima ya Ras Al Khaimah, usitandike hema ndani ya wadi hata kama panavutia na ni tambarare. Ni tambarare kwa sababu maji hupita hapo. Mvua inaweza kunyesha milimani msikoiona, na maji yakawafikia mbingu ikiwa safi. Wote tunakumbuka Aprili 16, 2024, mvua kubwa kuliko zote nchini tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Upande wa Al Ain palipimwa zaidi ya milimita 250 kwa muda usiotimia saa 24. Tangu 2023 sheria iko wazi pia: kukusanyika karibu na mabonde na mabwawa wakati wa mvua ni faini ya dirhamu 1,000 na pointi 6, na kuingia kwenye bonde lililofurika ni dirhamu 2,000, pointi 23 na gari kuzuiliwa siku 60.

Gari lako. Kama ni saluni ya kawaida, usitoke kwenye ardhi ngumu. Kumsukumia Mama gari lililozama mchangani ndiyo njia ya haraka ya kumfanya asirudi tena.

Na soma vibao. Kuna sehemu watu hukaa mchana tu, na kuna sehemu za hifadhi zilizofungwa. Sheria hubadilika, kwa hiyo mahali ulipolala mwaka juzi paangalie upya.

Hema: usiamini namba ya kwenye boksi

Boksi likisema "watu wanne", maana yake ni watu wanne waliopangwa kama dagaa kwenye kopo, bila begi hata moja. Sisi tunahesabu watu, halafu tunaongeza nusu. Siku hizi tuna mahema mawili: moja la sisi na watoto, na moja la wazee, ambalo mtu mzima anasimama wima ndani yake. Hilo la kusimama si anasa. Mtu mwenye magoti mabovu hawezi kuvaa na kuvua akitambaa, na Mama anataka kuswali amesimama.

Lisimamishe nyumbani kwanza. Sisi tulilifungua kwenye bustani ya karibu na nyumba siku ya Jumamosi, watoto wakajifunza kila fimbo inaingia wapi. Siku ya safari hawakuwa mzigo tena, wakawa mafundi.

Vile vigingi vyembamba vinavyokuja na hema ni vya udongo na majani. Mchangani havishiki. Nunua vigingi virefu na vipana vya mchanga, au fanya tunavyofanya sisi: chukua mifuko ya kitambaa, ijaze mchanga, ifunge kamba katikati, ichimbie kiasi cha urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, kisha ifukie na kukanyaga. Hakuna upepo utakaoing'oa. Hatta ni kinyume chake, ardhi ni mawe matupu. Huko beba vigingi vya chuma na nyundo, na pengine ufunge kamba kwenye mawe makubwa.

Mlango uupe mgongo upepo. Hapa upepo mkali wa baridi ni shamali, unatoka kaskazini-magharibi. Baba, aliyefanya kazi bandarini miaka yote, hupenda kuwaeleza wajukuu kwamba miezi hii hii ya kambi ndiyo majahazi ya huku yalikuwa yakingojea kaskazi yateremke mpaka Mombasa na Unguja. Basi watoto wanalowesha kidole na kutafuta upepo kama manahodha, na mimi napata mlango ulioelekea sawa.

Na jambo ambalo watu hawaliamini: acha matundu ya hewa wazi, hata kwenye baridi. Watu wanne wakipumua kwenye hema lililofungwa kabisa, asubuhi kuta zitadondosha maji na blanketi zitalowa. Juu ya hayo kuna umande na ukungu wa jangwani. Chochote utakachoacha nje usiku, viatu, mito, mkeka, kitaloa chapachapa.

Baridi hutoka chini

Hili ndilo kosa letu kubwa la usiku ule, ukiacha jiko. Tulijifunika blanketi tatu juu, na chini tukaweka godoro la upepo peke yake. Godoro la upepo limejaa hewa ya baridi, linakunyonya joto usiku kucha. Weka kitu kati yako na ardhi: turubai chini, kisha mkeka au zulia kuukuu, kisha godoro la sponji. Ukipenda la upepo, tandika blanketi nzito juu yake kabla ya shuka.

Mama tulimnunulia kitanda cha kukunja, cha turubai na miguu ya chuma, tukaweka sponji juu. Alipokalia mara ya kwanza alisema, "Hiki ndicho kitanda. Kinanikumbusha cha kamba cha bibi yangu." Angalia urefu wake: mtu akikaa, miguu ikanyage chini na magoti yasipande juu kuliko kiuno. La sivyo ataingia lakini hatatoka bila kuvutwa.

Kabla ya kulala, kila mtu avae nguo kavu, hasa soksi. Zile za mchana zina jasho, na jasho ni baridi. Chemsha maji, tia kwenye chupa isiyovuja, ivishe soksi nene, iweke miguuni kwa mzee na mtoto. Hii ndiyo hita yetu sasa. Mtoto mchanga usimlundikie blanketi zito. Mvalishe nguo tabaka tabaka na mfuko wake wa kulalia, na uso ubaki wazi.

Nyinyi mnaopanda Jebel Jais ongezeni kila kitu mara mbili. Mlima ule una zaidi ya mita 1,800, na usiku wa Januari huko si mchezo.

Choo, jamani, choo

Mnaweza kunipa hoja zote za uzuri wa nyota, lakini mama wa miaka 68 anauliza swali moja: nitakwenda wapi usiku? Nilipomhoji vizuri, hilo ndilo lililokuwa nyuma ya "sikuja Dubai kulala mchangani". Aliona aibu kulisema.

Suluhisho ni la bei nafuu. Kuna vijihema vyembamba virefu vya kuogea na kubadilishia nguo. Ndani tunaweka choo cha kubeba, yaani ndoo imara yenye kiti na kifuniko, na mifuko ndani. Pembeni kuna jagi la maji, sabuni, karatasi na taa ndogo ya betri inayowaka usiku kucha. Kiko hatua kumi na tano kutoka kwenye hema la Mama, upande ambao upepo unaelekea, na tumefunga kamba nyeupe kutoka mlangoni kwake mpaka pale, aifuate gizani. Mifuko inafungwa na kurudi mjini na takataka nyingine. Hakuna kinachobaki mchangani.

Maji tunabeba lita tano kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia, na madumu mengine ya kutawadha, kuosha na choo. Yakibaki, vizuri. Yakipungua, hakuna starehe.

Pika nyumbani, kula jangwani

Usijifanye mpishi mkuu mbele ya upepo wa mchanga. Mahamri huumuliwa na kukaangwa siku moja kabla. Mbaazi za nazi zinapashwa tu. Nyama ya mishkaki inatiwa viungo, inagandishwa kwenye mifuko na kupangwa ndani ya sanduku la barafu. Inalinda maziwa, na ikifika jioni imeyeyuka tayari kwa makaa. Chai ya tangawizi iwe kwenye chupa kubwa mbili: moja ya usiku, na moja ya alfajiri, ambayo haifunguliwi na mtu yeyote kabla ya wazee.

Moto usiwashe moja kwa moja mchangani. Tumia jiko lenye miguu. Kuni zitoke dukani, usivunje mti, hasa mghafu, ambao ni mti wa taifa hapa. Na makaa msiyafukie! Mchanga huyahifadhi na joto lake kwa saa nyingi, na asubuhi mtoto wa jirani anayapita peku. Yamwagie maji, yakoroge, yamwagie tena, kisha yabebe.

Chakula chote usiku kinalala ndani ya gari. Viatu vinakung'utwa kabla ya kuvaliwa, maana nge naye anapenda mahali penye joto.

Watoto, giza na Kiswahili

Kila mtoto ana tochi yake ya kichwani, filimbi shingoni, na mpaka tunaouweka kwa mkeka wa rangi na taa: ukivuka huu, unakwenda na mtu mzima. Kila mmoja ana kazi yake pia. Mdogo ni waziri wa vigingi. Mkubwa ni waziri wa chai ya Bibi.

Sasa niseme jambo ambalo sikulipanga. Wanangu, kama wengi wa wanenu, wanamjibu bibi yao kwa Kiingereza. Anawauliza kwa Kiswahili, wanaelewa, wanajibu "okay, Bibi". Nyumbani kuna televisheni, kuna tableti, kuna kazi za shule, na kila mtu ana chumba chake. Hemani hakuna pa kwenda. Usiku wa tatu au wa nne wa kambi zetu, taa zikiwa zimezimwa, Mama alisema kutoka kitandani kwake, kupitia kitambaa cha hema, "Paukwa!" Kimya. Nikajibu mimi, "Pakawa." Akasimulia sungura na fisi mpaka usingizi ukawachukua. Safari iliyofuata, mdogo ndiye aliyejibu kabla yangu.

Basi tunawahi kulala. Saa mbili na nusu usiku taa zinazimwa. Hiyo nayo ni shauri la starehe, wala si la hadithi tu. Watu waliolala mapema hawateswi na alfajiri.

Kitanda kipo stoo

Baba alistaafu mwaka jana. Mnajua mambo yetu hapa: kazi ikiisha, karatasi nazo zinaanza kuhesabu siku. Wangeweza kubaki chini yangu, tukalijadili sana, lakini walitaka kurudi kwenye nyumba waliyoijenga polepole kwa miaka thelathini kule Bamburi. Wanaondoka Juni.

Kambi yetu ya mwisho pamoja ilikuwa Februari. Hakuna kilichoharibika, na kwa kweli hakuna cha kusimulia. Mama aliamka kuswali kama kawaida, safari hii akatoka nje amejifunga blanketi, nikamkuta amekaa kwenye kiti anatazama nyota. Nikamwuliza kama anasikia baridi. "Kidogo," akasema. "Leta chai." Tukaifungua ile chupa ya alfajiri kabla ya wakati, wawili tu. Sikumwambia Baba.

Tulipokuwa tunakunja mizigo, mume wangu alisema kile kitanda labda tukiuze, maana kinachukua nafasi stoo. Mama akageuka. "Msiuze kitanda changu. Nikija kwa viza ya matembezi nitalala wapi? Mchangani?"

Kwa hiyo kwenye orodha yetu kitanda bado ni namba moja, kabla ya hema lenyewe. Wewe nawe anza hapo. Mtafute yule wa kwenu asiyetaka kwenda, mwulize kwa upole kwa nini hataki, umsikilize mpaka mwisho. Akishakueleza, umeshaipata orodha yako. Kisha mtuandikie au mtutumie sauti: mama yako alisema nini? Tutayasoma kwenye kipindi kijacho, inshallah.